Mchungwa wa Luqman

Jumatano asubuhi Mwanarusi alichuma chungwa akalikuta lina rangi ya manjano. Kwao Mtongwe, Likoni, machungwa huiva yakiwa kijani, maana usiku wa pwani hauna baridi. Bivu hujulikana kwa uzito wake mkononi. Hili lilikuwa baridi kama limetoka frijini.

Miti mingine kumi na mmoja ilikuwa kama kawaida. Huu tu, uliozikiwa kitovu cha mwanawe Luqman, ulitota umande, na vitumba vyake vilikuwa vimejifumba.

Luqman alichukuliwa siku tisini nyuma na watu wa gari lisilo na namba, akiwa na tenga la ndimu kichwani. Polisi walisema hawamjui.

Salha, jirani yake, aligusa shina kisha akajitanda leso vizuri.

"Shoga, mtoto amewekwa kwenye baridi."

"Naam," alisema Mwanarusi. "Naenda kumchukua nimzike."

Alioga, akavaa buibui, akatia kikapuni machungwa matatu na sanda aliyojinunulia mwenyewe kwa siku yake. Akavuka feri.

Kazungu, mlinzi wa chumba cha maiti, alimwamkia shikamoo, akapekua daftari.

"Jina halimo, mama."

"Hamkumwandika. Shika hili."

Kazungu alilishika chungwa, akaligeuza. "Hii ni baridi ya droo ya tisa," alisema. "Mkono wangu waijua."

"Basi nifungulie, mwanangu, nakuomba kwa Mungu."

"Mpaka barua ya polisi, mama. Sina ruhusa."

Haya, barua ya polisi! Wale wale wasiomjua. Mwanarusi alikaa kwenye ngazi akalia mpaka alasiri, na Kazungu akamletea maji. Kesho yake Mwanarusi alikwenda kituoni, na keshokutwa. Barua ng'o.

Masika yakaja. Miti kumi na mmoja ikachanua, nyuki wakajaa. Wa Luqman haukuamka. Machungwa yake hayakuanguka wala hayakuoza. Majirani waliomba kuweka maziwa yao chini yake yasiharibike, naye akawaruhusu, maana maziwa hayana kosa.

Sanda aliirudisha kabatini, juu ya nguo zote, iwe karibu. Kila magharibi alilizungushia shina blanketi na kulifunga kwa kamba. Jana alipeleka mkono ndani akakuta bado baridi, akaenda kwa Salha kuomba blanketi la pili.