Rangi Ikikauka, Wanageuka

Siku ya nne, saa tano asubuhi, Mama Sura alikuwa akiosha brashi kwenye sinki la jikoni aliposikia mwenye nyumba akimwita kutoka sebuleni. Hakuita kwa kelele. Aliita kama mtu anayeuliza kama dirisha limefungwa.

"Mama Sura, hebu njoo. Nimegeuka."

Mama Sura alijifuta mikono akaenda. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani, pale pale alipoiacha jana ikauke. Jana ilikuwa na uso: paji pana, macho madogo yenye dharau kidogo, mdomo uliobanwa. Leo ilikuwa na kisogo. Nywele zilizofungwa fundo, shingo yenye mikunjo miwili, gauni lile lile la kijani ambalo mwenye nyumba alilivaa siku zote tatu za kukalia kiti, na zipu ya gauni iliyoishia katikati ya mgongo.

"Zipu haijafika juu," alisema mwenye nyumba.

"Haijafika."

"Tangu mzee afariki haifiki. Mkono wangu unaishia hapo." Akajaribu kuonyesha, na kweli mkono uliishia hapo. Kisha akaenda stoo kutafuta nyundo na msumari.

Mama Sura hakupewa jina hilo bure. Katika mji aliozaliwa alichora sura za watu kwa miaka ishirini na sita. Aliwahi kumchora bibi harusi ambaye alishamchora akiwa kichanga, na aliweza kukuambia pua ya nani ilitoka kwa babu yupi, na kwa nini babu huyo hakutajwa. Simu zilipoanza kupiga picha, wateja walimtoka mmoja mmoja kama meno ya mzee. Akabaki kuandika mabango ya saluni. Baadaye hata saluni zikaanza kuchapisha mabango yao. Ndipo mdogo wake, aliyekuwa ameishi katika jiji hili miaka kumi na moja, akampigia simu.

"Dada, njoo huku. Watu ni wengi, sura ni nyingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Watu walikuwa wengi kweli. Sura ndizo zilizokuwa haba. Akipanda ngazi aliona mgongo wa aliyemtangulia. Akipanga foleni aliona visogo kumi na vitano na, mbele kabisa, karani aliyekuwa akizungumza na kabati. Barabarani watu walimpita kabla hajawatazama, na akigeuka alikuta makoti yakienda zao. Miezi minane ilipita hivyo. Jioni alipojaribu kuchora kwa kukumbuka, kama alivyozoea, mkono ulimpa mabegi, mabega, na visigino vya viatu vilivyolika upande mmoja.

Basi alipompata mtu wa kumkalia, alimchora uso wake kwa uaminifu, maana hakujua kuchora kitu kingine. Na rangi ikikauka, mtu aligeuka.

Alijaribu kila dawa. Alibadilisha mafuta ya kuchanganyia rangi, akakausha picha juani, akakausha kivulini, akailaza moja kifudifudi usiku kucha. Nayo iligeuka hivyo hivyo ilivyolala. Akaanza kuwaomba wateja radhi kabla hawajakaa, lakini wateja hawakuona kosa. Mlinzi wa benki alisema kwa umri wake wote hajawahi kuuona mgongo wake, na sasa amejua ni kwa nini wenzake walikuwa wakicheka: shati lake la kazi lilikuwa na kiraka cha rangi nyingine. Mwalimu mmoja mstaafu aliituma picha yake kwa mwanawe, ambaye walikuwa hawasemezani. Mwana akapiga simu jioni ile ile, akasema hakujua kwamba baba amepinda kiasi hicho.

"Wewe unaonaje?" Mama Sura alimuuliza mdogo wake.

"Watu wa hapa ndivyo walivyo, dada. Ukiwazoea huoni tena."

Mama Sura alichoka. Kazi yenyewe haikuwa nyingi. Alichoka kama anayesema lugha yake sawasawa, na kila neno likishatoka mdomoni linakuwa jingine. Kibaya zaidi, mkono ulianza kuzoea. Mtu akikaa mbele yake, yeye akitazama macho, mkono ulikuwa tayari unawaza kisogo. Siku moja akasema liwalo na liwe, akamketisha mteja akiwa amempa mgongo na kumchora hivyo, aone kama rangi ikikauka atageuka amtazame. Hakugeuka.

Mdogo wake alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia kilichofua mashuka ya hospitali na hoteli za jiji zima. Mama yao, kule nyumbani, aliambiwa kwamba binti yake "yuko kwenye mambo ya nguo". Mama akawaambia majirani kwamba binti yake ana duka. Hakuna aliyemsahihisha, na kadiri miaka ilivyokwenda duka lilizidi kupanuka.

Kiwanda kilikuwa kinatimiza miaka ishirini na mitano. Meneja wake alikuwa mpwa wa mwenye nyumba. Aliiona ile picha ya zipu ukutani kwa shangazi yake, akasema imetulia, akaagiza kubwa ya wafanyakazi wote kwa ajili ya ukumbi wa mapokezi. Mama Sura alimweleza wazi kwamba watageuka.

"Vizuri," alisema meneja. "Nembo ya kampuni iko mgongoni."

Mdogo wake alipopata habari, kijiko kilisimama njiani.

"Lazima wote?"

"Meneja amesema wote."

"Mimi huenda nikawa zamu nyingine."

"Zamu zote zimo."

Mdogo wake akainuka, akaenda kuosha sahani iliyokuwa bado na chakula.

Walimwekea Mama Sura ubao wa plaiwudi wa mita tatu katika chumba cha kulia, na kwa wiki sita alichora wakati wa mapumziko ya mchana. Wafanyakazi walikuwa ishirini na wawili. Meneja alitaka wapangwe kwa urefu, warefu kushoto, wafupi kulia. Walikaa wakimtazama, wengine wakilala macho wazi. Mpiga pasi mmoja mrefu waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzima, alimsihi:

"Mama, nipunguzie tumbo."

"Tumbo halitaonekana, baba. Utageuka."

"Basi nipunguzie kazi."

Hizo zilikuwa sura za kwanza tangu afike ambazo Mama Sura alizitazama zaidi ya mara moja. Alijua kovu la nyusi la huyu, alijua jino la yule. Alizichora vizuri kuliko alivyowahi kuchora sura yoyote, na hakumwambia mtu. Ya mdogo wake aliiacha hadi mwisho. Mdogo wake alikaa dakika kumi, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye benchi la hospitali.

Walianza kugeuka Ijumaa, kuanzia kushoto. Mama Sura alikaa kwenye benchi akiwaangalia. Hakuwahi kuwaona watu wake wakiwa katika kugeuka kwenyewe. Ilikuwa polepole, bega likitangulia, kama watu waliosikia kengele ya zamu wakati bado wana maneno. Ilipofika saa nne wote walikuwa wamempa mgongo, na nembo ishirini na mbili zilikuwa wazi.

Sare zilikuwa zimelowa jasho, zimegandamana na miili. Nyuma ya kitambaa kilicholowa, kwa watu kumi na watatu, palionekana kovu la kuungua, pana kama vidole vitatu. Kwa Redio lilipita kiunoni. Kwa waliomfuata lilipanda kidogo kidogo kadiri watu walivyopungua urefu, na kwa mdogo wake, aliyekuwa wa pili kutoka mwisho, lilikata kwenye mabega. Ukirudi nyuma ukatazama ubao wote, ulikuwa mstari mmoja. Uliwaruka wafuaji na makarani, ukawapata wapiga pasi wote.

Fundi bomba wa kiwanda alikuwa anakula meza ya pili. Akaacha kijiko, akatoa pima maji mfukoni, akaiweka juu ya mstari.

"Umelala sawa," alisema. Akaenda chumba cha pasi na tepu yake, akarudi. "Sentimita mia na kumi na mbili. Ndicho kimo cha bomba la mvuke kutoka sakafuni." Akaendelea kula.

Kila mtu wa chumba cha pasi alilijua bomba hilo. Chumba ni chembamba. Mashine iko mbele yako, bomba liko nyuma yako, na kifuniko chake kilidondoka zamani. Shuka likija limebeba maji, unalivuta huku unarudi nyuma nusu hatua. Nusu hatua inatosha.

Meneja alikuja akasimama mbele ya ubao muda mrefu.

"Nembo zimetoka vizuri," alisema. "Na huu mstari?"

Fundi akamweleza. Meneja akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa saa.

"Unawaunganisha," alisema, akaagiza picha itundikwe.

Jioni hiyo Mama Sura alimkuta mdogo wake amekaa ukingoni mwa kitanda, hajavua viatu.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili. Halafu wa nne. Baadaye sikuhesabu."

"Si ungesema."

"Nimwambie nani? Mama ana binti mwenye duka."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ulikuwa unachora sura, dada."

Mama Sura alifunga mlango, mdogo wake akavua blauzi bila kuambiwa. Mgongo huo Mama Sura aliuogesha miaka mingi iliyopita, ulipokuwa mdogo kiasi cha kufunikwa na kiganja kimoja. Aliutazama sasa, mabaka juu ya mabaka, jipya juu ya la zamani.

"Nimekosea mahali?" aliuliza.

Mdogo wake akafikiri. "Hapana. Hapa kushoto tu, mstari umeufanya mfupi."

"Acha hiyo kazi."

"Niache niende wapi? Nikachore?"

Wakacheka kidogo, mabega yote manne yakitikisika, kisha Mama Sura akafungua kopo la dawa akaanza kupaka.

Jumatatu alikwenda kwa meneja. Meneja alimsikiliza kwa adabu, akiwa amempa mgongo kwa sababu printa ilikuwa ukutani.

"Bomba lifunikwe tu, baba. Hata kwa blanketi."

"Bomba liko kwenye bajeti ya mwaka kesho, mama."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana nalo lilikuwa kwenye bajeti ya mwaka kesho."

Wiki iliyofuata alikuja mkaguzi wa usalama kazini. Alitumia nusu saa mapokezi. Aliipima picha pande zote, akavuta skrubu moja moja, akaandika kwamba imeshikwa barabara na haiwezi kumwangukia mgeni. Mstari aliusifia kwa kunyooka. Alipoondoka, karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha pasi: USIRUDI NYUMA.

Redio aliacha kazi mwezi huo. Hakuaga, na kimya chake ndicho kilichowajulisha watu. Nafasi yake ilichukuliwa na mama mmoja wa umri wa kati, zamani mpishi wa shule, mcheshi, mwenye kicheko cha kufungua madirisha. Meneja akamwita Mama Sura aje amwongeze kwenye picha. Alimchora kwenye upenyo katikati ya safu, naye akageuka kesho yake. Mgongo wake ulikuwa safi. Mstari ulifika kwake ukakatika, ukaanza tena upande wa pili.

Kutoka hapo Mama Sura alipata mazoea ya kupita mapokezi kila wiki kutazama mahali hapo pasipo na kitu. Hakukuwa na sababu nyingine ya kwenda. Karani wa mapokezi alimpa maji, na yeye alikaa kwenye sofa waliyoiweka chini ya picha, shingo ameigeuza juu. Wateja wa nyumbani alikuwa ameacha kuwapokea. Katika jiji zima, kazi yake pekee aliyotaka kuiona ilikuwa kiganja kimoja cha sare ya bluu isiyo na alama.

Siku moja alimkuta yule mama mlangoni.

"Mwenzangu, usirudi nyuma."

"Nirudi wapi, mama? Hakuna nyuma." Akacheka, akaingia.

Wiki ya kumi, karani wa mapokezi alipiga simu. "Mama, picha yako imejimalizia."

Alikwenda kwa miguu, hakuharakisha. Mstari ulikuwa umepita kwenye mgongo wa yule mama. Rangi ilikuwa bado mbichi, na alipoigusa kwa ncha ya kidole ilikuwa na joto. Alikaa kwenye sofa akisubiri ikauke. Alikuwa amejizoeza kutotarajia kitu, lakini bado alitaka kuona kama safari hii, ikishakauka, kuna hata mmoja atakayegeuka awatazame waliokaa mapokezi. Saa mbili zilipita. Ikakauka. Hakuna aliyegeuka.

Meneja alipita na mafaili kwapani, akasimama kidogo. "Sasa imekaa sawa," alisema.

Mstari mpya ulikuwa umechuruzika kidogo upande wa chini. Mama Sura alitoa brashi nyembamba kwenye mkoba, akapanda juu ya kiti, akausafisha ukingo, kwa sababu kazi ni kazi. Alikuwa bado juu ya kiti kengele ilipolia na zamu ya mchana ikaanza kuingia. Alishuka awapishe. Mdogo wake alikuwa wa mwisho.

"Dada, umekula?"

"Bado."

"Nimekuachia kwenye sufuria. Pasha moto kwanza," alisema mdogo wake, akafunga kifungo cha juu cha sare, akaingia ndani pamoja na wenzake.