Kabila Lisilozeeka

Bwana Riedel, mpimaji wa ardhi wa Kijerumani, alifika kwetu kwenye mwambao wa kaskazini wa Nyasa mwaka 1909 akitafuta kabila. Mimi Andrea nilikuwa mkalimani wake, kwa kuwa misheni ilikuwa imenifundisha Kijerumani cha kutosha kusali na kuomba radhi, na kazi ya serikali haikuhitaji zaidi ya hapo.

Alikuwa na ramani. Ilichorwa na Mzungu mmoja aliyepita huku miaka thelathini na miwili nyuma, kabla bendera ya Wajerumani haijapandishwa popote. Karibu na pale mto Lufilyo unapoingia ziwani, Mzungu huyo alichora vibanda vinane, na katika daftari lake akaandika kwamba hapo linaishi kabila la wanaume vijana tupu, warefu, wasio na mzee hata mmoja, wasio na wake wala watoto, wanaokula pamoja na kucheza ngoma mchana kutwa. Bwana Riedel alinisomea maneno hayo kwa sauti ya mtu anayesoma Injili. "Kabila lisilozeeka," akasema. "Limekwenda wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika mti. Sisi Wanyakyusa hatukai na baba zetu. Mvulana akipata akili kidogo huondoka na wenzake wa rika lake, wanajenga kijiji chao pembeni, na humo ndimo watakamooa na kuzeekea. Mzungu yule alikuta kijiji kilichojengwa juzi. Wazee wenyewe walikuwa kijiji cha pili, mwendo wa kuchemsha ndizi, lakini hakujisumbua kufika. Kijiji alichokichora kilikuwa cha baba yangu.

Kicheko kilinikauka Bwana Riedel alipoendelea. Ardhi ambayo wenyewe wametoweka ni ya serikali, alisema, na tayari kuna Mzungu anaitaka apande pamba. Kabila lisipopatikana kufikia Jumamosi, ataandika kwamba limekwisha. Migomba yote ya pale aliipanda baba yangu, Mzee Asajile, kwa mikono yake, na ndani yake wamelala wadogo zangu wawili.

Nikampeleka Bwana huko siku hiyo hiyo. Baba na wenzake tisa wa rika lake wakatoka kumsalimia, kila mmoja na fimbo yake.

"Ndio hawa, Bwana," nikasema.

Akatazama daftari, akawatazama wao. "Hawa wana mvi."

"Miaka imepita."

"Daftari halisemi kwamba walikuwa wakizeeka. Linasema hapana mzee hata mmoja. Hapa naona wazee kumi, na kijana hakuna."

Baba aliponiuliza tunabishania nini, nikamweleza. "Mwulize," akasema, "amepata kuona wapi mtu anayebaki kijana." Nikauliza. Bwana Riedel akajibu kwamba hajapata kuona, na ndiyo maana amesafiri miezi miwili. Kisha akawapima vichwa wote kumi kwa chuma chake na kuandika: kabila jingine, wavamizi.

Kesho yake wazee walikuwa wameamua kumsaidia. Walinyoa vichwa mpaka vikang'aa, wakajipaka mafuta, na Mzee Nsajigwa, ambaye goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha kustaafu, ndiye aliyeanzisha ngoma. Walicheza vizuri kwa muda wa kumeza mate. Halafu Nsajigwa akaruka, akashuka vibaya, akamwangukia mwenzake, na mwenzake akamwangukia mwingine. Bwana Riedel akaandika: wavamizi huiga desturi za wenyeji.

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nilimpeleka kijijini kwetu, kwa rika langu mimi, ili aone kwa macho yake kijiji kinavyoanza. Sikuwahi hata kufungua mdomo. Bwana alikwisha kumkumbatia rafiki yangu Aliko, ambaye ni mrefu na hana mvi hata moja, na machozi yanamtoka. Kabila limepatikana. Wamehama kidogo na kuoa, basi.

Akatoa hukumu pale pale. Sisi ndio wenye ardhi, na wale wazee wakatili ndio waliotufukuza. Jumamosi asubuhi turudi kwetu na wake zetu, tupange mstari atuhesabu, na wazee watoke. Mstari ukikosekana, ni pamba.

"Bwana, wale ni baba zetu," nikasema.

Akanipigapiga bega. Ni jambo jema, alisema, kuwaita maadui baba. Misheni imetulea vizuri.

Sasa, kwetu mwanamke haonani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hapiti njia yake, hatamki jina lake. Ndiyo maana tunakaa mbali nao. Mke wangu Angetile alikuwa amebatizwa, lakini maji yale hayakufika kwenye mambo ya baba mkwe.

"Nikapange mstari mbele ya baba yako?" akaniuliza. "Afadhali hiyo pamba ipandwe mgongoni mwangu. Umenitafutia aibu, Andrea, tena kwa Kijerumani."

Nilimbembeleza siku mbili. Nilimwapia kwamba wazee watatoka mapema kwa njia ya ziwani, wala hatamwona mtu. Wake za wenzangu nao wakakubali kwa shida, na Jumamosi tukaongozana, wanawake wamejifunika nguo kichwani na kushikana mikono.

Wazee hawakuwa wametoka. Baba alikuwa amesema haachi makaburi ya wanawe, na wengine wakakaa naye. Angetile alipozunguka migomba alikutana naye uso kwa uso, hatua tatu.

Mke wangu aliingia mtoni na nguo zake zote. Baba aliingia kwenye matete kwa kichwa. Wanawake wengine wakamfuata Angetile, wazee wengine wakamfuata baba, na Nsajigwa na goti lake akawapita wote. Uwanjani akabaki Bwana Riedel na meza yake, na sisi waume tukitazama vidole vya miguu.

"Wanaogopana nini?" akauliza.

"Hawaogopani, Bwana. Wanaheshimiana. Aliye mtoni ni mke wangu. Aliye kwenye matete ni baba yangu, aliyenizaa."

Akanitazama pua. Akayatazama matete, ambamo pua kama hiyo hiyo ilikuwa imechomoza. "Na watoto wenu wakikua?"

"Watajenga kijiji chao kule."

Akahesabu kwa vidole mpaka thelathini na mbili. Kisha akakaa kwenye majani, uso umemwiva, akafuta mambo mengi na kuandika kidogo.

"Tata," nikamwita baba kuelekea kwenye matete, "shamba ni lenu. Ameandika ni la wazee kumi."

Pua ikageuka upande wangu. "Na yule wa zamani aliandikaje?"

"Vijana. Warefu. Wasio na mzee hata mmoja."

"Ameandika warefu?"

"Warefu, tata."

"Basi mwambie huyu afute wazee. Aandike kama yule. Na tulikuwa kumi na saba, si kumi."

Nikatafsiri. Bwana Riedel hakubisha. Baba akaanza kutaja majina kutoka kwenye matete, walio hai na waliokufa bila kuwatenga, Anyitike, Anyisile, na kwa kila jina wazee wenzake waliitikia na wengine wakacheka kwa mambo wanayoyajua wenyewe. Mtoni Angetile alikuwa ameziba masikio kwa heshima.

Niliona aibu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimewakalimania Wazungu chungu nzima, na sikuwa nimemwuliza baba hata siku moja alikuwaje alipokuwa na umri wangu.