Ngoma ya Mavuno ya Bwana Verstappe

Mgeni njoo, mwenyeji afiwe. Hivyo ndivyo Rolande alivyousema msemo wa wahenga tangu aielewe filamu ya kwanza ya Odilon Verstappe, mzaliwa wa Ghent, aliyeongoza filamu miaka hamsini, akajaza kabati la tuzo, akafa akiitwa bingwa. Sasa Brussels ilikuwa inamwandalia tamasha. Filamu hiyo aliipiga Kivu, mashariki mwa Kongo, akiwa kijana, na Rolande, mwenye diploma ya tafsiri, alipewa kazi ya kuandika tafsiri ya Kifaransa chini ya picha. Kwa mara ya kwanza jina lake lingeonekana kwenye kioo cha sinema.

Sehemu inayosifiwa zaidi ni ya wanawake wanaoimba, mikono kichwani. Msimulizi anasema: "Ngoma ya mavuno."

Rolande alimwonyesha mama yake, Maman Mathilde, nyumbani kwao Schaerbeek, hapo hapo Brussels. Mama akaweka chini sahani ya sombe, ile mboga ya kisamvu.

"Muntu anacheza na mikono ku kichwa? Alors, ni mavuno gani ile, ya machozi? Ile ni kilio, mwanangu! Sikia: 'Nani atanyonyesha mutoto wako, Nabintu?' Angalia kule nyuma."

Kule nyuma kulikuwa na mkeka, na juu yake mtu aliyefunikwa gubigubi. Verstappe aliingia matangani na kamera, pole hakutoa.

Rolande aliandika maneno ya wale wanawake kama yalivyo, akayatuma. Kesho yake Cédric, mkuu wa tamasha, alimwita ofisini.

"Binti wa Verstappe ameyasoma, akalia."

"Vizuri. Nabintu amepata wa kumlilia Ubelgiji."

"Usinichezee! Mzee aliipenda Afrika. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, lugha haijui."

"Maiti aliyelala mkekani anahitaji lugha gani?"

Cédric alivuta pumzi. "Rudisha 'ngoma ya mavuno', umwandikie binti wa mzee mistari miwili ya kuomba radhi. La sivyo kazi nampa mwingine, na jina lako nalifuta."

Jina hilo Rolande alikuwa ameshawatangazia shangazi zake wote wa Bukavu.

"Lifute," alisema. "Lakini tafsiri yangu ninayo, na kila Mkongomani wa mtaa wa Matonge hapa Brussels ataisoma kabla ya tamasha lenu."

"Rolande, neno moja tu. Samahani. Basi."

"Aliyekiita kilio cha wafiwa ngoma si mimi. Siombi radhi."