Mate ya Stesheni

Kwa miaka ishirini na sita Koplo alikuwa akisimulia jinsi raia walivyowatemea mate siku waliporudi kutoka vitani, na kila mwaka mate yalizidi. Mwanzoni alitema mtu mmoja. Kufikia mwaka huu ilitema stesheni nzima. Fundi saa, aliyekuwa naye kikosi kimoja, alikula kiapo kwamba walipokewa kwa vifijo na vigelegele, wakabebwa mabegani. Kwa kutia chumvi, hakuna aliyemshinda mwenzake.

Basi mwandishi wa gazeti alipotaka kujua nani mkweli, aliwaacha wazee hao na malumbano yao, akaenda kwa dobi. Huyu ni dada yake Koplo, na ndiye aliyelifua lile koti la jeshi.

Alimkuta akipiga pasi, na Koplo yuko dirishani akimshonea vifungo vya mashati ya wateja. Mwandishi aliuliza kwa adabu kama koti lilikuwa na alama yoyote ya mate. Koplo aliacha sindano, akamtazama dada yake kwa macho ya kuomba.

Dobi aliweka pasi kando. Angesema ndiyo, yangeisha. Lakini koti lile alilikumbuka vizuri. Siku ile alilikagua kola, mikono na mgongo, akakuta vumbi na jasho basi. Alikumbuka pia alikokuwa treni ilipoingia. Alikuwa papa hapa, akinyoosha mashuka ya watu, na stesheni ni mwendo wa nusu saa tu kwa miguu. Mama yao alikuwa amekufa akimwita mwanawe aliyekuwa vitani, na dada mtu akaapa kwamba hatakwenda kumpokea. Hasira ile ilikwisha zamani. Kilichobaki ni hamu ya kuipata tena asubuhi ile moja, avae viatu, atoke.

"Lilikuwa safi," alisema. "Hakuna aliyemtemea mate, mwanangu. Wala hakuna aliyekwenda kumpokea. Hata mimi."

Koplo aliiokota sindano yake.

"Fundi saa alikuwa na watu wake pale," alisema taratibu. "Mimi nilikaa kwenye benchi mpaka wafagiaji wakamaliza kazi. Sasa mtu akikutemea mate, dada, si amekuona?"

Machozi yalimtoka dobi mbele ya mgeni. Mwandishi aliinamia daftari lake, asijue aandike nini. Koplo ndiye aliyemtoa kwenye shida hiyo.

"Hayo ya mate yafute," alimwambia. "Andika dada yangu alichelewa njiani."

Dobi alitaka kumsahihisha, kisha akaichukua pasi yake. Mwandishi akaandika, na dobi akamwacha aandike. Laiti kweli angechelewa tu.