Odell Aangukia Safu ya Mbele

Timu ya Vimbunga ilihama Lake Charles, Louisiana, kwa sababu ukumbi wao wa kule ulikuwa haujai tena. Walipofika Minot, Dakota Kaskazini, ilikuwa Machi na theluji ingali ikifika magotini. Odell Batiste alishuka kwenye basi akiwa na koti jepesi la mvua, akavuta pumzi, akakohoa.

"Hapa watu huishi kwa hiari yao?" akamuuliza kocha.

Odell alikuwa pande la mtu. Kazi yake ilikuwa kumkinga mrushaji mpira wa timu yake kwa kifua, na tangu aanze kucheza mpira wa Kimarekani alikuwa hajawahi kuvuka mstari wa mwisho na mpira mkononi na kupata pointi. Timu yao ilicheza ule wa ukumbini: zulia la kijani limetandikwa juu ya barafu ya uwanja wa magongo, na pembeni kuta fupi zilizovikwa magodoro, mashabiki wakiwa nyuma ya kuta hizo tu.

Alipangiwa kukaa kwa mjane mmoja, Marlys Tollefson, ambaye miaka mingi alikuwa akiwapa vyumba vijana wanaocheza magongo ya barafuni. Siku ya kwanza bibi huyo alimpima kwa macho toka juu hadi chini, kisha akamwongezea viazi vya kuoka.

"Magongo nayajua," alisema. "Huo mpira wenu wenye umbo la yai, mwanangu, siuelewi."

Mechi ya kwanza walifungwa. Lakini kilichomuuma Odell zaidi ni ule ukimya. Watu wachache, wamekunja mikono, kama wanasubiri daktari wa meno.

"Bibi Marlys, watu wa huku wanatuchukia?"

"Nani kasema? Jirani yangu alipiga makofi mara mbili. Harusini kwake alipiga moja."

Odell alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Hata hivyo alipanda chumbani akampigia simu mama yake kule Louisiana, akamwambia huenda akarudi nyumbani kabla msimu haujaisha.

Mechi ya tatu Marlys alikuja mwenyewe, akaketi safu ya mbele na kikombe cha chokoleti ya moto. Katikati ya mchezo mchezaji mmoja wa adui aliunyaka mpira wa Vimbunga akatoka mbio. Odell akamfukuza. Wakakutana ukutani; adui akayumba, Odell akapaa juu ya godoro na kutua miguuni pa Marlys, chokoleti ikimchuruzika shingoni.

Marlys akamgonga kwa kiganja kwenye kofia yake ngumu ya mchezo.

"Inuka, wewe! Umelala nini? Yule kule anakimbia na mpira wenu!"

Odell akaruka ukuta akarudi, ingawa mwamuzi alikuwa amekwisha kupuliza kipenga. Watu wakaangua kicheko, kicheko kikageuka kelele, kelele zikapanda mpaka dari. Vimbunga walishinda siku hiyo, ushindi wao wa kwanza Minot.

Tangu hapo safu ya mbele ikawa inagombaniwa. Watu walikuja na kengele za ng'ombe, na kila Odell alipokaribia ukuta walimpigia kelele, "Njoo huku, jitu! Tumekuletea kahawa!" Madukani wazee waliokuwa wakimpita kimya sasa walimsimamisha wamuulize goti lake, aliloliumiza kwenye anguko lile, linaendeleaje.

Hawakufika fainali. Walishinda mechi tano, wakapoteza zaidi. Lakini mechi ya mwisho, mstari wa mwisho ukiwa karibu, kocha alimwita Odell kando.

"Safari hii usimkinge mtu. Geuka, udake."

"Mimi? Kocha, umelewa?"

Mpira ukaja polepole, kama unaomwonea huruma. Odell akaukumbatia kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaanguka mbele, nusu ya mwili ng'ambo ya mstari. Pointi sita. Wenzake wakarundikana juu yake mpaka akakosa hewa. Alipochomoka alimwona Marlys amesimama juu ya kiti, kengele mkononi, akiwaeleza wote wanaomzunguka kwa nini mwamuzi amezikubali pointi hizo.

Kesho yake mama yake akapiga simu.

"Haya, msimu umekwisha. Basi lako lini?"

"Mama, nimepata kazi ya kiangazi hapa, kwenye bohari ya mbao. Na nimenunua koti."

"Koti la nini, Julai hii?"

"La maana, Mama. La manyoya."

Mama yake akacheka, akataka kuongea na huyo bibi anayemtunza mwanawe.