Kidevu cha Daktari

Daktari wa meno alipoambiwa kwamba hospitali itabandika ukumbini picha za madaktari wake wote, tena zipigwe na mpiga picha wa kweli mwenye taa na mwavuli, alijibu, "Hakuna shida," kisha akakosa raha. Kazini alishazoea kuonekana macho tu. Barakoa ikishapanda puani, wagonjwa walimjua kwa nyusi na sauti, na wakikutana naye mtaani walimpita kama nguzo ya umeme. Sasa alitakiwa autoe uso mzima hadharani.

Binti yake, mwanafunzi wa chuo asiyekosa neno juu ya jambo lolote, alilivalia njuga suala hilo.

"Baba, lile shati la mistari liache. Mistari inacheza kwenye picha. Vaa la rangi moja, bluu iliyoiva, na kola uipige pasi vizuri. Nywele zilizobaki kanyoe siku kadhaa kabla, usije ukatokea kama kuku aliyetoka kunyonyolewa. Unywe maji, ulale mapema, miwani uifute."

"Na uso?"

"Uso nenda na huohuo."

Mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa anasahihisha mitihani mezani. Alicheka bila kuinua kichwa.

Lakini daktari hakutaka kwenda na uso huohuo. Ndevu zake, nene na za siku nyingi, zilikuwa zimeanza kuota mvi upande wa kushoto tu, utadhani alilalia unga. Basi Jumamosi, mkewe na binti walipotoka, alinunua rangi ya nywele, akajipaka, akajinyoosha kwenye kochi kungoja. Maelezo ya kwenye boksi aliyasoma nusu. Kwenye televisheni kulikuwa na mpira, timu yake inafungwa bila huruma, na usingizi ukampitia.

Aliposhtuka alikimbilia bafuni, akasuuza, akajitazama kwenye kioo. Ndevu zilikuwa nyeusi tii, weusi wa kiatu cha askari wa gwaride. Na si ndevu peke yake. Ngozi nayo ilikuwa imeinywa rangi, ikachora mpaka kutoka sikio hadi sikio. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa limau, mwishowe akasugua kwa dawa ya meno, kitu alichokiamini kuliko vyote. Rangi haikutikisika. Akajizungushia skafu ya mkewe usoni, akatokea mlango wa nyuma mpaka kwa kinyozi.

Skafu ilipofunguliwa, kinyozi alijikaza, midomo ikamcheza.

"Daktari, hii ulijipaka mwenyewe au ulishikwa?"

"Cheka umalize, halafu unisaidie."

Kinyozi akacheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akamgeuza uso huku na huku kwenye mwanga. "Ngozi itaachia taratibu ukiisugua na mafuta. Ila hizi ndevu hazina tiba. Ni kunyoa zote."

"Zote?"

"Zitaota, daktari. Si meno haya."

Daktari akazishika ndevu zake kama anayeagana na mtu stendi. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia yeyote. Alipoanza kazi alikuwa na uso laini, wa kitoto. Siku moja mzee mmoja, shavu limemvimba kama chungwa, aliinuka kwenye kiti cha matibabu na kumuuliza, "Mtoto, daktari yuko wapi?" Akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi na maumivu yake, akamsubiri daktari mwingine. Tangu hapo wembe haukugusa kidevu kile. Alichumbia na ndevu, akaoa na ndevu, akalea watoto na kupanda cheo nazo.

"Nyoa," alisema, akafumba macho.

Mlango wa nyumbani ulifunguliwa na mkewe. Alibaki ameshika kitasa, akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Nikusaidie nini, kijana?"

Ulikuwa utani tu, lakini daktari alinywea. Mkewe aliona. Akamshika mkono, akamvuta hadi dirishani na kukiinua kidevu chake kwa vidole viwili, kama mumewe anavyowafanyia wagonjwa.

"Mbona una kishimo hapa?"

"Kishimo gani?"

"Kidevuni! Yaani nimeolewa na kishimo miaka yote hii na sina habari!"

Jioni ile daktari alikula kwa aibu, mfano wa mchumba aliyekuja kujitambulisha ukweni. Kila akiinua macho anamkuta mkewe anamtazama. Akiomba chumvi, anapewa maji. Binti aliporudi alipiga ukelele, akampiga picha na simu mpaka akafukuzwa sebuleni. Hapo, walipobaki wawili, ndipo daktari alipomsimulia mkewe habari ya yule mzee wa shavu.

Mkewe hakucheka. Akasema, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unakuja kwetu umekunja uso vile. Baba alidhani unaumwa tumbo."

"Nilikuwa natafuta heshima."

"Uliipata. Alikuwa anakuwekea chai ya tangawizi." Akamgusa utosini. "Sasa hivi nani atakuita mtoto, na upara wote huu?"

"Hapo umenifariji kweli."

Mkewe akaleta chupa ya mafuta na pamba, akaanza kumsugua mashavu. Kazi hiyo waliifanya kila jioni, na kwa namna fulani hakuna aliyetaka iishe haraka. Siku ya picha ilipofika mpaka ulikuwa umefutika, ila kidevu kilikuwa cheupe kuliko mashavu.

Mpiga picha alikuwa mwanamke mrefu asiye na papara. Alimpaka poda kuondoa mng'ao wa paji la uso na kusawazisha kidevu, akamnyooshea kola, akamkalisha kwenye stuli. Daktari akakakamaa.

"Tabasamu, daktari."

Akavuta midomo.

"Hapo ni kama umekanyaga msumari. Tujaribu tena."

Wakajaribu, mambo yakazidi kuharibika. Mkewe, aliyekuwa amekuja moja kwa moja kutoka shuleni na kusimama mlangoni, akakohoa kidogo, akaifanya sauti yake nzito na ya upole, sauti ileile ambayo mumewe huwatulizia wagonjwa waoga.

"Fungua mdomo, baba. Haitauma."

Daktari akaangua kicheko, na mpiga picha akabonyeza, akabonyeza tena. Aliipenda ile ya pili, kichwa kimeinama kidogo, meno yote nje, kishimo kimekaa mahali pake.

"Taa bado zinawaka," mpiga picha alisema. "Mama naye apite."

"Mimi? Nina chaki mpaka kwenye nyusi!"

"Njoo," alisema daktari, akimsogezea nafasi.

Aligoma, akalalamikia nywele, akalalamikia viatu, na huku anakuja. Daktari akamkung'uta chaki begani, akamweka sawa mkufu. Mkewe akajiangalia kwenye kioo kidogo cha mpiga picha, akapaka mafuta ya midomo, kisha akageuka kumtazama mumewe badala ya kamera.

"Mama, huku," mpiga picha alisema.

"Subiri," alijibu mkewe. "Sijamaliza."