Kiti cha Pikipiki ya Polycarpe

Vita vilipoingia Bukavu na askari kuanza kunyang'anya watu magari, mukwe wangu Polycarpe aliifungua pikipiki yake vipande vipande. Ni ile nyekundu ya Italia, yenye mbio za kichaa. Mji muzima, yeye tu ndiye aliyeiweza. Injini aliificha kijijini Mudaka chini ya maharagwe, magurudumu kwenye dari ya kanisa. Kiti aliniletea mimi. Nikakifunga juu ya kigoda changu, nikakikalia miaka mitano.

Sasa vita vimeisha, vipande vingine vyote vimerudi. Kila asubuhi Polycarpe anakuja, anasimama mbali, anatazama chini.

"Maman, umeamkaje?"

"Vizuri."

Basi, anarudi. Kwetu mukwe hamuinui mama mukwe kwenye kiti, na mimi siinuki.

Jana alichoka kungoja, akaiwasha bila kiti. Tukamuona akipita hapa Nyawera amesimama wima, polepole kama padri kwenye maandamano.

"Maman, unamuonea bwana yangu," binti yangu Laurette akasema, huku anacheka.

Namuonea? Vita vyote vile vimeshindwa kumuua, halafu niiachie pikipiki imumalize? Nikajiweka vizuri kwenye kiti changu. Iko laini sana.